Siku Nne Bila Kuitwa

Kwetu Kongo mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo linabaki kwenye karatasi tu. Mimi huitwa Mama, kisha jina la binti yangu wa kwanza, na hata baada ya kumzika hapa Durban watu wameendelea kuniita hivyo: saluni, kanisani, kwenye ngazi za ghorofa letu Greyville. Nawashukuru. Hakuna mahali pengine anapotajwa.

Mwaka uliofuata mdogo wangu, aliyepelekwa Australia kama mkimbizi, alinialika. Anapikia wazee katika kijiji cha Waaborijini, siku nzima kwa gari ndani ya jangwa: vumbi jekundu, nyumba za bati, mbwa kila kona, duka moja. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni pa duka hilo akaniita kwa sauti, Mama Fulani, kama alivyozoea.

Wanawake waliokaa kivulini wakainamisha vichwa. Mmoja akaziba masikio, akainuka, akaenda zake.

"Nimeharibu," mdogo wangu akaninong'oneza. "Iko kilio hapa. Ule mama amezika binti yake juzi. Nilikuwa najua, lakini ulimi umezoea."

Marehemu alikuwa na jina lilelile la binti yangu, jina la Biblia. Wamisionari walipita kwao kama walivyopita kwetu. Na huko mtu akifa jina lake halitamkwi. Hata aliye hai mwenye jina hilo huitwa vingine.

Nilikasirika, sitaficha. Mtoto afe, na jina nalo lizikwe? Siku nne hakuna aliyeniita, hata mdogo wangu. Waliponitaka walinigusa bega. Niliona kama namzika binti yangu upya, safari hii bila hata sala.

Siku ya kuondoka yule mama alikuja akakaa kando yangu. Akamuuliza mdogo wangu kama ni kweli kwetu naitwa kwa jina la mtoto kila siku. Akajibiwa ni kweli. Akanitazama kwa huruma, mimi niliyekuwa namhurumia yeye.

"Maskini," akasema. "Hawamwachi apumzike."

Nililia njia nzima.

Jumatatu nilirudi kazini saluni, Durban. Nikiwa natundika koti, mwenzangu wa kiti cha pili akaniita kwa jina la binti yangu. Sikugeuka. Akaita tena, kwa nguvu.

"Eish, masikio yako ilibaki mu ndege?" akasema, na wateja wakacheka.

Nilikuwa nimemsikia mara zote mbili. Nilikuwa nangoja alitaje mara ya tatu.