Tulivyokwenda Kumchukua Baba Nyumba ya Nyuma

Niliondoka nyumbani Itiryo kwa sababu ya maneno machache. Mchuuzi wa ng'ombe aliyepita hospitali ya misheni, ng'ambo ya Mto Mara, alituambia kuwa baba ametolewa wodi kubwa na kupelekwa nyumba ya nyuma. Hatukuuliza zaidi. Tulijua kwamba wodi ya mbele ni ya wanaopona, na nyumba ya nyuma ni ya wale ambao masista wamekwisha kuwakatia tamaa. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuiona nyumba hiyo, lakini kila mtu alikuwa na habari zake.

Baba alikuwa amevunjwa paja na fahali wake mwenyewe, miezi mitatu nyuma, na gari la padre lililokuwa likipita ndilo lililomchukua. Sasa baba mkubwa, yaani kaka yake, aliniita zizini akasema, "Wewe ndiye mtoto wake wa kwanza. Kamlete afie kwake. Mzee hazikwi na wageni." Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, nimesoma hadi darasa la sita, tena nilijiona simwogopi mtu. Baba mkubwa nilimwogopa. Na zaidi niliogopa baba asije akafa kabla sijafika.

Siku ya kwanza tuliondoka alfajiri watu wanne: mimi, wadogo zangu wawili, na Chacha, mtoto wa baba mkubwa. Miaka hiyo ya hamsini askari waliorudi kutoka vitani walikuwa bado vijana, na Chacha alikuwa mmoja wao. Alibeba majeruhi Burma, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau jambo hilo. Yeye ndiye aliyetengeneza machela, miti miwili mirefu na blanketi zito lililoshonwa kwa kamba za ngozi. Tulipita mashamba ya wimbi na malisho, tukishuka kuelekea kusini, na kila aliyetuona na machela tupu alitupisha njia bila kuuliza.

Jioni tulifika Nyakunguru, kwenye watu wanaosafisha udongo kutafuta dhahabu. Mwenyeji wetu alikuwa Mwita, mwenye mikono iliyopasuka kwa maji na mawe. Alitupa ugali wa wimbi na maziwa ya mgando, kisha akaitazama machela.

"Mnakwenda kuchukua mtu au maiti?"

"Mtu, Mungu akipenda," nilimjibu. "Yuko nyumba ya nyuma."

Mwita aliacha kula. "Basi tembeeni haraka, mura," akaniambia, kama tuitavyo kijana kwetu. Usiku huo sikupata usingizi wa maana.

Siku ya pili, jua likiwa halijakaza, tulivuka Mto Mara kwa mtumbwi. Saa nane tuliona bati la hospitali likimeta juu ya kilima. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia Sista, maneno makali yenye heshima, nikayarudia njia nzima. Mkuu wa wauguzi, Mzungu mrefu aliyeitwa Sista Agata, alitutazama mmoja mmoja, akaitazama machela, akasema kwa Kiswahili cha kunyooka, "Karibuni. Kwanza osheni miguu, halafu mtanigombeza."

Tukaosha miguu.

Alitupeleka nyuma huku akieleza. Hospitali ilianza na sanduku moja la dawa kwenye baraza la padre. Wenye homa walikunywa dawa wakaenda zao. Lakini waliovunjika mifupa, wenye vidonda vya miaka, wenye vifua vibovu, hao hawakuponea barazani, na kwao ni mbali. Walilala chini ya ukuta wa kanisa. Ndipo ndugu za wagonjwa walipofyatua matofali na kujenga nyumba ya pili, ya watu wa kukaa muda mrefu. "Mbele tunaokoa uhai," Sista alisema. "Huku tunamrudisha mtu kwenye kazi zake. Huku ndiko kugumu."

Nikaiona kwa macho yangu. Wanawake walikuwa wakipika jikoni pembeni, kila mmoja na chungu cha mgonjwa wake. Mzee asiyeweza kujigeuza aligeuzwa ubavu na wauguzi wawili, akapakwa mafuta mgongoni ili asipate vidonda. Fundi alikuwa akichonga magongo chini ya ukuta. Na katikati ya ua kulikuwa na fito mbili ndefu zilizolazwa juu ya vigingi, usawa wa kiuno, kama ngazi isiyo na vipandio, na kati ya fito hizo alisimama baba.

Amesimama. Nilisahau hata kumwamkia.

"Mmekuja kunizika?" aliuliza, bila kuacha fito. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Shikamoo, tata. Tumekuja kukuchukua."

"Marahaba. Ngojeni nimalize."

Akapiga hatua saba. Nilizihesabu moja moja.

Tulipokaa, Chacha hakuzungusha maneno. "Tumetumwa mtu, lazima turudi na mtu. Mimi nimebeba watu Burma kwenye matope, sembuse hapa?" Sista akajibu kwamba mfupa umeshikana lakini haujakomaa. Tukimtikisa siku mbili njiani unaweza kuachana tena, na safari hii hatasimama. Alihitaji miezi miwili zaidi. Lakini hatamzuia, Sista alisema, mgonjwa si mfungwa.

Wote wakanitazama mimi. Nilijua akifa huku baada ya mimi kuondoka, nitakuwa yule mtoto aliyemwacha baba yake kwa wageni, na hakuna atakayelisahau. Nikamuuliza baba mwenyewe anataka nini.

"Nikirudi mabegani mwenu nitakuwa mzigo wenu mpaka nife," baba alisema. "Niacheni nirudi kwa miguu. Baba mkubwa wako mwambie nimekataa mimi."

"Basi abaki," nikasema. Chacha akatema mate pembeni.

Siku ya tatu asubuhi Sista alitupatia mzigo mwingine. Bibi Robi wa Kemambo alikuwa amepona kidonda cha mguu kilichomla miaka mingi, ila hakuweza kutembea mwendo ule, na kwao hawakuja tena tangu wasikie amehamishiwa nyuma. Baba alicheka mpaka akashika ubavu. "Chacha, umepata mtu."

Mchana tuliingia Kemambo. Jua lilikuwa kali, na Bibi Robi alikuwa amejifunika shuka gubigubi, uso na yote. Hatukufikiri. Wanawake wa mji wake walipoona machela na mtu aliyefunikwa, kilio kikaanza, mmoja akajitupa chini. Shuka likafunuka.

"Mnamlilia nani?" Bibi Robi aliuliza. "Amekufa nani?"

Mkaza mwana wake alikimbilia shambani na hakurudi mpaka chakula kilipoiva. Mtoto wa Bibi Robi, mwanamume wa ndevu, alishika mti wa machela akalia waziwazi. Tuliiacha machela hapo hapo, kwani hatukutaka kuingia Itiryo nayo tupu.

Siku ya nne jioni, baba mkubwa alituona tukija mikono mitupu. Nilimpa maneno ya baba yote. Alinigeuzia mgongo, na kwa wiki nyingi hakunisemesha. Mama hakubishana na yeyote. Kesho yake alijitwisha unga akaenda hospitali mwenyewe.

Baada ya miezi miwili walirudi, mama mbele na baba nyuma na magongo yake, akikataa kushikwa mkono. Alipita katikati ya watu mpaka zizini. Nilijifunza kwamba tulikuwa tumeogopa nyumba tusiyoijua kuliko ugonjwa tulioujua, na woga huo ungemlemaza baba yangu.

Baba mkubwa alimtazama ndugu yake akipita, kisha akaniita kando ya ghala. Akapandisha nguo. Kwenye muundi wa mguu alikuwa na kidonda kikubwa kilichofungwa majani, alichotuficha tangu mvua za mwaka uliopita.

"Ile nyumba ya nyuma," akasema kwa sauti ya chini, "wanampokea mtu aliyekwenda kwa miguu yake?"

"Wanampokea, tata."

"Basi tuondoke kesho mapema," akasema. "Na Chacha asijue. Atataka kunibeba."