Ndege ya Lubumbashi na Tramu ya Kwangu

Hapa Brussels mjukuu wangu anakaa Laeken, mimi Schaerbeek. Kati yetu kuna tramu moja tu: unapanda, unakaa, unashuka. Mwaka mzima aliniambia, mimi koko yake, bibi yake, kwamba ni mbali. "Koko, ni mbali, na niko na mitihani." Mitihani yake haikuisha hata ilipoisha.

Likizo kubwa ikafika, akasema anaenda Lubumbashi kumwona bibi mwenzangu, mama wa baba yake. Nikamuuliza, huko ndiko karibu? Akachukua simu akanisomea kama mwalimu: kilomita elfu saba na zaidi, kubadilisha ndege Addis Ababa, usiku mzima na nusu ya siku. Alisoma huku anatabasamu. Nilikuwa namenya ndizi za kupika. Maganda yakaondoka na nyama yake.

"Donc, kumbe miguu yako inauma kwenye tramu tu," nikamwambia.

"Koko, usianze."

"Sijaanza. Ningeanza ungesikia."

Mtoto huyu nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu, alikuwa kazini akiosha wazee wa watu, na mimi nikambeba mgongoni kwa kitenge katika baridi, Wabelgiji wakigeuza shingo kama kuku. Yule bibi mwingine alikuwa picha kwenye simu. Lakini picha haigombezi mtu, haimwambii avae sweta. Ndiyo maana inapendwa.

Siku ya safari binti yangu aliniwekea kwenye simu ramani yenye kidege cha njano kinachotambaa. Nilikitazama kikivuka bahari kuelekea jangwani, nikalala. Asubuhi mtoto yuko Addis, ndege ya pili imechelewa. Nitasema kweli: chai yangu siku ile ilikuwa tamu. Kaa hapo, nilikiambia kile kidege. Kikakaa, kisha kikaondoka.

Jioni simu ikalia. Sura ya bibi mwenzangu imejaa kioo chote, kitambaa kipya kichwani, mjukuu ameegemea bega lake.

"Maman, aksanti kwa kumutuma mutoto," akasema. "Lakini sikufiche, niko na wivu na wewe. Wewe unamuona tu vile unataka. Bila shaka anakula kwako kila siku."

Hilo sikulitegemea. Mezani kwangu palikuwa na sahani moja.

"Kila siku hapana, mama," nikajibu. "Kila Jumapili. Ananimalizia sombe yote, hata sipumziki kutwanga majani ya muhogo."

Mjukuu akainua kichwa. Nikamkazia macho, hata kwa kilomita zote zile.

"Ni kweli, koko," akamwambia bibi yake. "Kila Jumapili."

Bibi mwenzangu akanyamaza, akashika kitambaa chake. Ule ukimya naujua, nimekaa nao mwaka mzima. Huruma niliyomwonea haikujaza kijiko.

Aliporudi Brussels, mjukuu alinipigia. "Koko, umenifunga. Sasa koko wa Lubumbashi kila juma ataniuliza tulikula nini."

"Ataniuliza na mimi. Tramu ipo."

Jumapili akaja, amechelewa, midomo imevimba kwa kununa. Alikula sombe sahani mbili, kisha akatoa kwenye mfuko kitenge nilichotumiwa na yule bibi mwenzangu. Kitambaa kizito, rangi ya kunde mbivu, kizuri kuliko vyangu vyote. Nimekiweka chini ya vingine.