Meli Iliyopigwa Hujibu

Mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo ningefurahi kuisahau: alasiri ya likizo, karibu na Kolandoto, nilipomshinda binamu yangu Milembe katika mchezo uliokwisha kabla yeye hajacheza.

Ulikuwa mchezo wa vita vya meli, nasi bahari hatukuwa tumeiona. Aliuleta baba yake Milembe, mjomba wangu Luhende aliyenilea, aliporudi kutoka vita vya Burma. Alichora miraba uani, pande mbili, akasimamisha ungo katikati ili mmoja asione kwa mwenzake. Kila mchezaji alificha vipande vinne vya bua la mtama. Hizo ndizo meli. Ulitaja mraba, na mwenzako alipaswa kusema kweli: maji, au imepigwa.

Kanuni za nyumba yetu zilikuwa mbili. Mgeni huanza. Na meli iliyopigwa hujibu pigo moja kabla ya kuondolewa. Kila ilipoondolewa moja, Mjomba alisema kwa sauti ya chini, "Pole, Masanja." Ya pili, "Pole, Juma." Ya tatu, "Pole, Petro." Sisi tulicheka na kumwigiza, tukidhani ni mzaha wake. Ya nne, fupi kuliko zote, hakuitajia jina. "Huyo nitawaambia siku nyingine," alisema.

Siku hiyo nilikuwa nimerudi kutoka shule ya bweni na ujuzi wangu mpya. Nikadai kuanza, kwa kuwa nimetoka safari.

"Mgeni gani?" Milembe akanicheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe ulishapewa, na palizi ya pamba umeikwepa."

Hata hivyo nilianza. Nikaongeza kwamba shuleni hakuna kujibu: anayepiga huendelea kupiga. Nilijua Milembe huficha meli zake karibu na goti lake. Nikazitaja zote nne, moja baada ya nyingine.

"Sijacheza hata mara moja," akasema.

Mjomba, aliyekuwa akisokota kamba ya katani pembeni, akauliza, "Amejibu?"

"Shuleni hakuna kujibu, Mjomba. Ukipigwa umekufa."

Vidole vyake vilisimama juu ya kamba. "Ndivyo ilivyo," akasema. "Hata sisi hatukujibu. Tulikuwa melini, tumeshika vikombe vya chai." Kisha, bila ukali wowote: "Hapa kwangu nilitaka wenzangu wapate kujibu."

Akaokota vile vipande vya Milembe, akavitia katika mfuko wa koti lake la kijeshi, akaifuta miraba kwa mguu. Milembe alilia, wala si kwa kushindwa. "Umemfunga baba mdomo," aliniambia.

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuchora tena. Alizungumzia mvua na mifugo, basi. Miaka baadaye nilirudi kutoka chuoni, nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamwuliza jina la yule wa nne. "Marahaba, mpwa wangu," akasema. "Ng'ombe wameshakunywa?"

Tulipomzika, Milembe alivikuta vile vipande mfukoni, vimeliwa na wadudu. Tukavishika kimoja kimoja. Pole, Masanja. Pole, Juma. Pole, Petro. Kile kifupi tulikishika, hatukuwa na jina la kukiita. Huenda mama yake kijana yule wa nne alikuwa papa hapa nchini, kijijini Buseresere tu, akingoja mtu wa kumwambia mwanawe alikuwaje. Majuto ni mjukuu, husemwa. Wangu amezeeka nami.

Basi sikia, mwanangu. Ukiingia nyumba ya watu ukakuta kanuni usiyoielewa, usiicheke wala usiifute kwa sababu kwingine haipo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Uliza kwanza imewekwa kwa ajili ya nani, kwani huenda imewekwa kwa ajili ya wasioweza kujitetea tena. Na unapokuwa na nguvu ya kuanza, usianze kwa namna itakayomnyima mwenzako zamu yake. Ushindi wa hivyo huondoka na zaidi ya ulichokitaka.

Mungu akujalie kungoja bila kinyongo. Na siku utakapopigwa, maana utapigwa, akupe mtu atakayenyamaza mpaka umalize kujibu.