Sufuria Iliyokwenda Kwenye Risaga

Sauti ya sufuria zikigongana ndani ya wavu naisikia hadi leo. Haikuwa kelele ya jikoni. Ilikuwa mlio wa juu, mwembamba, uliofuata hatua zangu: nikipanda kilima unapungua, nikishuka unaongezeka, nikisimama kumsalimia mtu unanong'ona kidogo kabla ya kunyamaza. Wavu wenyewe ulikuwa kipande kikuukuu alichonipa baba, mvuvi wa kule Majita. Ndani yake nilikuwaga napanga sufuria za alumini, ndogo ndani ya kubwa, mifuniko pembeni. Nikiingia kijiji chochote cha upande wa Butiama, watu walijua nimefika kabla hawajaniona.

Mwanzoni watoto walikimbia kunipokea. Mwaka ule hali ilipobana, mlio wangu ukaanza kujibiwa na milango, ikirudishwa polepole mmoja baada ya mwingine. Hawakunichukia. Walikuwa wanaona aibu kuniambia tena kwamba hawana.

Nilikuwa nimeishia darasa la saba, nikiwa na ndoto nyingi kuliko nywele. Niliota duka pale Musoma mjini, lenye kabati la kioo na feni inayozunguka hata siku ya baridi. Hapo katikati, kabla ya duka, nilikuwa na kamisheni. Mama mmoja mwenye duka karibu na soko alikuwa analeta sufuria kwa lori kutoka Sirari, mpakani, ananikabidhi mzigo, mimi nazunguka nao. Ukiuza unapata fungu lako. Usipouza, umenyoosha miguu.

Wakati nasoma, maduka yalikuwa matupu. Namkumbuka mama yangu akifulia majani ya mpapai, kwa kuwa sabuni ilikuwa hadithi. Ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje, maduka yakajaa, na hela nazo zikatoweka, kama vile zimepisha bidhaa zipate pa kukaa. Kila mlango niliobisha nilijibiwa maneno yale yale: pamba ikilipwa. Pamba ya msimu uliopita ilikuwa imepimwa, imechukuliwa, na malipo yake hakuna aliyejua yamelala wapi.

Siku niliyorudi kutoka mnadani Bunda na mzigo wangu mzima, bosi wangu aliutazama wavu, akanitazama mimi. Akaniambia kuna mwanaume mwenye baiskeli amekuja kuomba kazi, anafika mbali, hachoki. Lori la Sirari likirudi na mzigo mpya, kama huu wa zamani bado ninao, atamkabidhi yeye. "Nakupenda, mwanangu," alisema, "lakini siwezi kula upendo."

Nilijua maana yake. Bila ile kazi ningerudi Majita kulima muhogo, na ndoto yangu ningeisimulia kuku.

Nilikaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Mwisenge. Yeye aliona ni heri nifukuzwe. Jioni ile, akipara samaki, alisema, "Wenzako wanauza maandazi. Yasipouzwa, yanaliwa. Wewe utatafuna mifuniko?"

"Ndiyo maana hawaendi mbele, shangazi," nikamjibu. "Wanakula duka."

Alicheka mpaka magamba yakamrukia usoni. Mimi nilicheka pia, ila moyoni nilikuwa nimekasirika. Sikumkasirikia yeye wala bosi. Nilikasirikia lile neno, subiri. Nchi nzima ilikuwa inasubiri, na mimi sikuzaliwa na kipaji hicho.

Asubuhi nikapanda lori la mchanga hadi Makutano, nikaendelea kwa miguu na kwa bahati, mpaka nikafika kwa mama mmoja kijiji cha nyuma ya Butiama, mjane mwenye shamba la pamba na sauti ya kuita ng'ombe. Nilimkuta kashika kichwa. Kesho yake ilikuwa zamu yake ya risaga. Kule kwao wanawake hulimiana kwa zamu: leo kundi zima linapalilia kwako, keshokutwa kwangu, na mwenye shamba hatoi malipo ila chakula. Chakula hicho ndicho heshima yake. Watu wakimaliza jembe lazima ugali uive kwa pamoja na wakae wale pamoja. Ukiupika kwa vijisehemu, wa kwanza wakala na wengine wakabaki wakiangalia, utasimuliwa mpaka kwenye msiba wako. Na sufuria kubwa ya kanisa, waliyokuwaga wakiazimana wote, ilikuwa imekwenda kwenye matanga kijiji cha pili.

Akaitazama ile kubwa yangu ya chini kabisa. Hakuomba. Alisema tu, "Pamba ingelipwa."

Bosi alikuwa na amri moja: sufuria ikiona moto, si ya dukani tena. Niliijua kama nijuavyo sala. Lakini huyu mama na wenzake hawajalipwa pamba ya jana, na kesho wanaingia shambani kupalilia nyingine. Kumbe sikuwa mkaidi peke yangu. Nikafungua wavu, nikaitoa ile kubwa, nikamwambia aazime.

Aliipaka tope la majivu nje, sehemu zote, jinsi wanavyofanya ili masizi yasishike, na ilipobandikwa kesho yake mchana ilikuwa ya kijivu kama kifaru. Wanawake walitoka shambani na majembe mabegani. Mimi nilikaa karibu na mafiga nikiwa na roho juu. Ugali wa kwetu ziwani ni wa muhogo, tunausonga kwa nguvu kiasi chake. Ule wa kwao ulikuwa muhogo na mtama, na msongaji alikuwa mama mwenye mikono kama mihimili. Aliketi chini, akaibana sufuria kwa nyayo mbili zilizofungwa matambara, akashika mwiko mkubwa kama kafi. Kila alipogandamiza, mimi nilifumba macho.

Ugali ulitosha. Ulikatwa, ukasambazwa, wote wakala kwa mara moja, na mwenye shamba akatembea katikati yao kifua mbele. Mimi pia nilipewa bonge, na mboga ya maziwa na karanga. Lilikuwa tamu, ila nililila huku naiangalia sufuria.

Jioni sufuria ililetwa kwangu imeoshwa, inang'aa. Ndani ilijazwa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwa kuwa chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Nikaimwaga michembe kwenye kanga yangu, nikaigeuza sufuria. Kitako kilikuwa kimetoka nje.

Yule mama wa mikono akainama akakitazama. "Hii imepata mimba," alisema.

Wakaangua kicheko wote. Mimi machozi yalinitoka, na nikachukia kwamba yanatoka mbele yao. Mwenye shamba alinyamaza kwanza, kisha wengine. Aliniuliza kama nitafukuzwa. Nikamwambia ndiyo, nadhani. Akasema kwa upole nirudi nyumbani tu, mwanangu, hali ikitengemaa biashara itarudi, wote tunasubiri.

Neno lile tena. Nikasimama na kanga yangu ya michembe.

"Mama zangu," nilisema, "pamba mnaisubiri. Ugali je, mnausubiri? Leo mmekula bila pamba kulipwa. Mtu mmoja hapa hawezi kununua sufuria, najua. Lakini leo aliyepika si mtu mmoja, ni risaga. Basi risaga inunue. Iende na zamu, kesho kwa huyu, keshokutwa kwa yule. Msiniambie hela. Kuku hawajalipwa pamba na wanataga."

Nilifikiri nimekosa adabu, na labda nilikosa. Kisha mmoja akauliza, nani atakaa nayo kama zamu zimeisha? Mwingine akasema si fulani, huyo hata jembe la kuazima hulirudisha bila mpini. Wakaanza kubishana kwa Kizanaki, haraka haraka. Nilishika neno moja moja tu, ila nilifahamu kwamba watu hawabishanii kitu wasichokitaka.

Yule mama wa mikono ndiye aliyemaliza. Alisema kama imestahimili mwiko wake na imevimba tu haijapasuka, basi ni nzima. Hiyo hiyo yenye mimba waliichukua. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho: jogoo, mayai kwenye majani makavu, karanga, mtama. Niliombwa nilale, na kesho yake wanawake wa kijiji jirani, waliosikia, wakaja kuuliza kama iko nyingine ya kwenda kwenye risaga yao. Nilikuwa nayo. Hiyo nayo tuliibandika kwanza, na zile ndogo zikachukuliwa pamoja nayo, za kupikia mboga.

Mnadani Bunda nilifika na kuku wananining'inia mikononi, nimenyewa sketi, nanadi kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Wachuuzi wa pale walinitania, wakasema dada wa sufuria sasa anauza na mchuzi wake. Nikawaambia nunueni upesi, kesho nauza na wapishi.

Lori la Sirari lilikuwa limeshafika nilipoingia dukani. Nilimpa bosi hela za mzigo, nikamweleza yote, pamoja na moto. Angesikia tu, na nilipendelea asikie kwangu. Alikunja kitambaa cha kufutia vumbi.

"Nani alikuruhusu kupikia mali yangu?"

"Hakuna, mama. Lakini sufuria ya dukani haimjui mtu, na mtu haijui. Nikipewa mzigo nitapika tena."

Alinishangaa. Nadhani na mimi nilijishangaa. Mwishowe akasema Bunda tayari ameshampa mwenye baiskeli, maneno yameshatoka. Vilima vya Butiama vimebaki, baiskeli haivitaki. Nichukue sufuria kubwa tu, na itakayoharibika ni yangu, itakatwa kwenye fungu langu. Nikasema sawa. Bunda iliniuma, sitasema uongo. Lakini nilikuwa na kazi.

Alfajiri iliyofuata dereva wa lori alinishusha Makutano, akaweka mzigo wangu kando ya barabara, akaondoka. Kubwa tupu, zimefungwa pamoja, zilinifika kifuani. Mzigo kama ule hutwishwa na mwenzio. Nilitazama barabara upande huu na upande ule, sikuona mtu, na jua lilikuwa linakuja. Nikasubiri kidogo, nikajishtukia kwamba nasubiri.

Nikasokota kanga yangu ikawa kata, nikaiweka kichwani. Nikapiga goti moja chini, nikaukumbatia mzigo, nikaupandisha kwanza kwenye paja, kisha begani. Hapo nikapumua. Kisha nikaingiza kichwa chini yake, nikashika kingo kwa mikono miwili, nikainuka.