Seva ya Pili Haikuziona Diski

Fundi wa kompyuta wa hospitali yetu ni mama mpole wa makamo tuliyezoea kumwita Dada Waya. Kwa miaka tisa ametunza seva mbili zinazotumia ghala moja la diski, ili moja ikizimika nyingine ishike kazi papo hapo.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, seva ya kwanza ilizimika. Ya pili ikaamka, ikazitafuta diski, isizione. Kumbukumbu zote za wagonjwa zikatoweka kwenye skrini.

Simu ikalia. "Dada, mgonjwa yuko mezani, nataka kundi lake la damu!" alisema muuguzi wa chumba cha upasuaji.

"Mpimeni upya, msinisubiri," alijibu Dada Waya.

Alikagua nyaya, zote zilikuwa sawa. Ndipo akakumbuka: wiki iliyotangulia yeye mwenyewe alizihamishia kumbukumbu kwenye diski mpya, akairuhusu seva ya kwanza kuzisoma, ya pili akaisahau. Kwa haraka alikosea nywila mara mbili. Alipoipa seva ya pili ruhusa, kumbukumbu zikarudi.

Mgonjwa alitoka salama. Dada Waya alikwenda kwa mganga mkuu akasema, "Kosa ni langu."

"Na kesho tutajuaje kama ile ya pili inafanya kazi?"

"Nitaizima ya kwanza makusudi, kila mwezi."

Ndivyo afanyavyo mpaka leo, ila kabla ya kubonyeza hupiga simu chumba cha upasuaji kuuliza kama kuna mgonjwa mezani.