Ngoja Kumi

Watu mia mbili tulimshangilia Paulin akifa, nami nilikuwa mstari wa mbele.

Hapa Lubumbashi ukisema unapenda rock, watu wanakuuliza kama ulibatizwa. Mama alishanipeleka kwa padri mara mbili kwa sababu ya kelele za magitaa chumbani.

Lakini kundi la Cuivre Cru, wana wa mtaa wa Katuba, lilikuwa limeniteka. Paulin alipiga gitaa na kuimba. Walikuwa na wimbo wa malori ya mpakani Kasumbalesa, "Mupaka". Gitaa linakohoa kama injini ya asubuhi, ngoma zinangoja, zinangoja tena, halafu foleni nzima inaondoka kwa pamoja.

Ukiusikia laivu, mbavu zinatikisika. Kwenye simu hupati hata nusu.

Wangu mimi ulikuwa "Kishimo", wimbo wa mchimbaji aliyefukiwa na udongo. Mwishoni Paulin anapiga noti moja ndefu, anaanguka puu, vyombo vyote kimya. Sisi mashabiki tunahesabu mpaka kumi. Kwenye kumi anaruka juu na kundi zima linalipuka.

Sheria yetu ilikuwa moja. Kabla ya kumi, mtu asiharibu.

Jumapili ile walipiga saa tisa mchana, kwenye ua wa baa moja. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Mbao za jukwaa zimelowa, nyaya zimelala majini, na sisi wala hatukujali.

Paulin alikuwa moto. Sijawahi kumsikia akiimba vile. Ilipofika "Kishimo", akavuta noti yake, akashika maikrofoni, akatetemeka, akaanguka.

Moja. Mbili. Tatu.

Kwenye nne, Kiki wa gitaa la besi alistuka, akaanza kukimbilia jenereta kuizima.

Sauti ikatoka katikati yetu, imekauka kwa kuimba: "Kiki, simama. Ngoja kumi."

Kiki akasimama. Tukafika kumi. Paulin hakuruka. Watu wakacheka, wakaanza tena kutoka moja.

Hospitalini daktari alisema ni umeme. "Mungelizima jenereta mapema kidogo, labda."

Kwenye matanga alifika Estelle, dada yake mkubwa, kutoka Kasumbalesa anakouza vitenge. Video ya shoo ile ilikuwa imeshazunguka simu zote. Aliiweka sikioni, akairudia mpaka betri ikaisha.

"Mutale, weye unajua bafans bote," akaniambia. "Ule mwenye kusema 'ngoja kumi', ni nani? Nisaidie kumutafuta."

"Utamufanya nini, yaya?" nikauliza; kwetu dada mkubwa ni yaya.

"Hapana kitu. Ntamuuliza tu kama alikuwa anamujua Paulin. Muntu mwenye kumujua hangesema vile."

Nikamwambia tutamtafuta.

Miezi minane nimezunguka naye, nyumba kwa nyumba. Nilimtajia hata majina ya watu waliokwisha kuhama, ili tuchoke haraka. Estelle hachoki.

Wiki jana amesema amempata. Eti ni Merdi, kinyozi wa barabara yetu, kwa sababu ana sauti ya kukwaruza. Merdi anakataa na kulia. Wateja wameshaanza kumkimbia, na juzi mtu amemvunjia kioo.

Merdi hakusema kitu siku ile.

Sauti ile ni yangu.

Wenzangu wa rock, ukimpenda mtu anayeimba, mwangalie yeye kwanza, shoo baadaye. Mapenzi yanayotazama shoo tu yanaua, na mimi ni shahidi.

Yaya Estelle, najibu hapa kwa sababu mbele yako ulimi wangu ulikufa. Ndiyo, nilimjua. Nilimjua kiasi cha kujua tumbo lake linavyopanda na kushuka haraka akiwa amelala pale anangoja kumi.

Siku ile halikupanda. Niliona, nikasema moyoni: leo amecheza vizuri kuliko siku zote.