Mguu Usio na Kovu

Niliporudi kutoka Uganda kutibiwa mguu, majirani wa mtaa wetu wa Nyakasanza walikuja kumwona mgonjwa. Walileta ndizi, sombe ya majani ya muhogo na nyuso za msiba. Wakanikuta nazunguka nyumba. Daktari aliniamuru kutembea kila siku, adhabu kubwa kwa mtu anayetengeneza redio barazani kwake na kuona geti lake kama mpaka wa nchi.

Nilikuwa na varisi, ile mishipa inayovimba miguuni kama mizizi. Madaktari wa huko walipitisha waya mwembamba ndani ya mshipa, wakauchoma kwa joto, nikatoka kwa miguu yangu siku ileile.

"Kovu iko wapi?" akauliza yaya, dada yangu mkubwa. Nikamwonyesha alama kama ya kuumwa na mbu. "Hii? Operesheni gani bila kovu? Walikulalisha tu, wakakurudisha. Na weye na masomo yako!"

Nisingejali, lakini mguu wake ulikuwa mbaya kuliko wangu. Anauza samaki sokoni, amesimama tangu asubuhi, na juu ya kifundo ngozi ilikwisha kuwa nyeusi. Nilimwomba aende yeye pia. Akasema atangoja kwanza aone wangu utafika wapi.

Basi kila Jumapili baada ya ibada, mbele ya mama wa kwaya: "Pandisha suruali." Napandisha. Safi. "Bado," anasema.

Miaka ikapita. Ule uzito wa jioni haukurudi kwangu. Kwake ngozi ilianza kupasuka, akawa anafunga kitambaa chini ya kikwembe alichojifunga kiunoni.

Mwaka huu nyuma ya goti langu kumetokea mshipa mmoja mwembamba, wa bluu. Nilimwonyesha kabla hajauliza, nikijua nimeharibu kila kitu.

Akaugusa. "Dokta alisema nini juu ya hii?"

"Alisema mingine midogo inaweza kutokea. Sindano tu, inaisha. Ule mkubwa umekufa."

"Alisema vile mbele ya kukutibu?"

"Mbele, kabla hajaugusa mguu."

"Basi huyo anajua kazi. Mimi naogopa mutu wa kuahidi kupona ya milele. Wa vile iko wengi hapa." Akanikunjulia mguu wa suruali kama mtoto. "Tutaenda siye wawili. Weye sindano, mimi mguu."

"Yaya, barabara ile ya Uganda? Na redio za watu?"

"Zitanyamaza."

Nimefunga mzigo: mashati, na mto wangu wa kulalia. Yaya alipouona mto alicheka mpaka akakaa chini. Kwa mguu ule, afadhali akae.